Skabiosa Hufa kwa Kushiba

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto kulikuwa na kijimto cha kitambaa kilichojaa pini. Miaka mingi baadaye nilipoiona skabiosa kwa mara ya kwanza, kwenye kitalu cha miche kando ya barabara ya kupandia Lushoto, sikuhitaji kuelezwa kwa nini wengine huliita ua la mto wa pini. Katikati pametuna kama kijimto, na juu yake vimesimama vijiti vyembamba vyenye vichwa vyeupe, utadhani fundi amechomeka pini zake hapo akaenda kunywa chai. Nilinunua miche sita. Minne ilikufa kabla ya mwezi kwisha, na miwili iliyosalia ilinenepa majani mwaka mzima bila kutoa ua hata moja.

Kosa langu lilikuwa kuipanda kama ninavyopanda sukumawiki: samadi tele shimoni, maji asubuhi na jioni, na urea kidogo kila baada ya wiki mbili. Skabiosa haikulelewa hivyo kwao. Asili ya jamii hii ni malisho ya vilimani na kandokando ya miamba huko Ulaya, Mediterania na Asia ya magharibi, mara nyingi kwenye udongo mwembamba uliolalia mawe ya chokaa, ambako mvua ikinyesha maji hayakai. Aina moja, Scabiosa columbaria, imeenea hadi Afrika, na huota porini kwenye nyasi za nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Si mgeni kabisa, basi. Ila ni mmea uliozoea kuishi kwa kidogo, na ukiupa kingi unaugua. Karibu kila tatizo nitakaloligusa hapa mzizi wake ni huo.

Umenunua ipi?

Jina la mto wa pini hupewa pia mmea mwingine kabisa, Leucospermum wa Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, ndugu wa protea. Huo ni kichaka chenye shina la mti, majani magumu kama ngozi, na maua ya rangi ya chungwa, manjano au nyekundu yaliyojaa sindano ngumu zilizojikunja. Skabiosa ni laini, urefu wake haufiki kiunoni, na maua yake huwa ya samawati, zambarau, waridi, meupe au rangi ya damu ya mzee. Kuichanganya mimea hii miwili ni hasara, kwa sababu mahitaji yake yanapingana. Leucospermum unataka udongo wenye asidi na usio na rutuba. Mizizi yake imeumbwa kukamua fosforasi haba iliyomo kwenye mchanga wa Rasi, na ukiuwekea mbolea ya fosforasi kama DAP unaudhuru vibaya, hata kuuua. Chokaa ninayoishauri mbele kidogo usiipeleke karibu nao.

Kwenye skabiosa zenyewe, tatu ndizo utakazokutana nazo zaidi. Scabiosa atropurpurea ndiyo ya mbegu: unaipanda, inatoa maua baada ya miezi mitatu au zaidi kidogo, inafika sentimita 60 hadi 90, kisha inachoka. Ndiyo yenye zile rangi za zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Wahispania huliita ua la mjane, na Wareno huliita saudade, neno lao la majonzi ya kumkumbuka aliye mbali. Ya pili ni Scabiosa columbaria, fupi, kichaka cha sentimita 30 hadi 40 hivi. Aina yake iitwayo Butterfly Blue ilichaguliwa na chama cha wakuza maua wa Marekani kuwa mmea wa kudumu wa mwaka 2000, na tangu hapo imesambaa kwenye vitalu vya nchi nyingi. Ya tatu ni Scabiosa caucasica, yenye maua makubwa kuliko zote na picha nzuri kuliko zote kwenye pakiti ya mbegu. Hiyo nakusihi uiache. Kwao ni milima ya Kaukazi, ambako theluji hulala kwa miezi, na ule usingizi wa baridi ni sehemu ya maisha yake. Msomaji aliyeko Ulaya au Kanada aipande kwa raha zake. Sisi wa huku tutabaki tukiyatazama majani.

Jina skabiosa, kwa anayependa kujua, limetokana na neno la Kilatini la upele, kwa kuwa zamani huko Ulaya mmea huu ulitumiwa kutibu maradhi ya ngozi. Mimi nakueleza habari za bustani tu. Upele peleka zahanati.

Hewa safi, udongo mchungu

Hapa ndipo wakulima wa nyanda za juu tunaponaswa. Skabiosa hupenda siku zenye jua na usiku wenye ubaridi, kwa hiyo mtu wa Lushoto, Njombe, Mufindi, Limuru au Kericho anajiona amebarikiwa. Hewa kweli inafaa. Lakini tazama kinacholimwa kwenye vilima vingi vya namna hiyo: chai. Chai hustawi kwenye udongo wenye asidi, wa pH 4.5 hadi 5.5 hivi, kwa sababu mvua za miaka nenda rudi zimeusafisha udongo huo chokaa yake. Skabiosa inataka pH ya 6.5 hadi 7.5. Ile ya porini huvumilia kidogo, hasa kwenye miteremko isiyotuamisha maji, lakini aina za bustani zikiwekwa kwenye udongo wa chai hudumaa. Majani huwa na rangi ya kijani iliyopauka, mmea haukui wala haufi, na mwenyewe hudhani una njaa akazidi kumimina mbolea.

Kabla ya kwenda maabara, angalia haidranjia ya jirani. Ua lile hubadilika rangi kwa udongo: likiwa na samawati kali ujue udongo una asidi nyingi, likiwa la waridi asidi ni kidogo. (Nyeupe haikwambii kitu.) Kwa anayetaka namba kamili, udongo hupimwa katika kituo cha utafiti cha TARI Mlingano mkoani Tanga, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, na kwa Kenya katika maabara za KALRO zilizoko Kabete. Chota udongo sehemu tano au sita za bustani, kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye pamoja, uuanike kivulini, kisha peleka kiasi cha nusu kilo.

Ukigundua asidi, tumia chokaa ya kilimo. Kwa bustani ya nyumbani gramu 100 hadi 200 kwa mita moja ya mraba hutosha kwa kuanzia. Itawanye, ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kisha pima tena msimu ujao. Usichukue ile chokaa ya kupakia kuta ukaimwaga karibu na mmea uliokwisha ota, maana ni kali na huunguza mizizi. Majivu ya kuni nayo yanafaa, ila nguvu yake ni ndogo: konzi mbili tatu kwa mita ya mraba mara moja kwa mwaka. Na usichanganye chokaa au majivu na samadi mbichi au urea kwa siku moja, kwani naitrojeni hugeuka hewa ikapotea. Ile harufu kali inayokupanda puani ndiyo fedha yako ikiondoka.

Wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wana shida nyingine. Udongo wa matumbawe wa pwani una chokaa ya kutosha, lakini usiku hauna ubaridi. Skabiosa ikipata joto la nyuzi 30 mchana na 25 usiku, maua huwa madogo, rangi hupauka, na mashina hulegea. Sisemi haiwezekani. Sia mbegu za atropurpurea mwezi wa nne kwenye vyungu vilivyo chini ya kibaraza, zisipigwe na masika, ili maua yaje Julai na Agosti wakati wa kipupwe. Desemba ikifika ng'oa bila huruma. Anayetaka vichwa vya zambarau pwani mwaka mzima apande gomfrena, ambayo jua kali ni chakula chake.

Maji yasiyokwenda

Skabiosa ikinyauka ilhali udongo una maji, usiguse kopo la kumwagilia. Hili ndilo kosa linaloua mingi. Mizizi iliyokosa hewa huoza, mizizi iliyooza haivuti maji, majani yanalegea kama yenye kiu, mwenyewe anaona huruma anaongeza maji, na kesho yake mche umelala. Chomeka kidole ardhini hadi kiungo cha pili. Kikitoka na tope, tatizo ni maji mengi. Ng'oa mche mmoja uutazame: mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa na ina ugumu fulani, iliyooza ni ya kahawia, inanuka, na ukiivuta ganda lake linachomoka, mzizi ukabaki kama uzi mikononi.

Jaribio la maji ni rahisi, nami nalifanya kila mahali papya. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Mara hiyo ya pili maji yapungue angalau sentimita mbili na nusu kwa saa. Yakituama hadi jioni, usipande hapo. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30, ukichanganya mchanga mkubwa wa ujenzi na mboji iliyoiva. Kwenye mteremko mambo huwa mepesi, ndiyo maana skabiosa yangu nzuri kuliko zote iliota yenyewe kwenye ufa wa ukuta wa mawe, mahali ambapo sijawahi kupeleka hata glasi moja ya maji.

Kwenye vyungu watu huweka kokoto chini wakidhani zinapitisha maji. Hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto, hukaa juu yake, na matokeo yake ni kwamba umefupisha chungu. Afadhali matundu mengi chini na udongo wenye mchanga kutoka juu hadi chini. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye matundu manane hufaa kwa miche miwili ya columbaria.

Halafu kuna kina cha kupandia. Majani ya chini ya skabiosa hukaa kama sahani, yametandazwa juu ya ardhi, na katikati ya sahani hiyo ndipo machipukizi yote yanapotokea. Pale pasifukiwe. Mche ukae kimo kilekile ulichokuwa nacho kitaluni, hata ukizidi juu kwa nusu sentimita si vibaya. Matandazo ya nyasi kavu ni mazuri lakini yaachie nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Masika yakichanganyika na joto, unaweza kukuta shingo ya mche imezungukwa na nyuzi nyeupe za ukungu, na ndani yake punje za kahawia kama mbegu za haradali. Huo ni ukungu wa ardhini unaoshambulia mimea mingi, na punje zile hukaa miaka udongoni. Ng'oa mche pamoja na udongo unaouzunguka, tia kwenye mfuko, tupa mbali na bustani. Usiupeleke kwenye shimo la mboji.

Mmea ukishakamata, kiangazi umwagilie mara moja kwa wiki, lita 20 hadi 25 kwa mita ya mraba, maji yashuke chini. Kunyunyiza kidogo kila jioni hulowesha ngozi ya ardhi tu, na mizizi hubaki juujuu.

Majani tele, maua hakuna

Ukiona kichaka kimenona, majani mapana ya kijani kibichi, na maua hayaji, anza kwa kuhesabu saa za jua. Skabiosa inataka jua kamili la saa sita au zaidi. Chini ya mparachichi haitatoa kitu. Kama jua lipo, tazama mfuko wa mbolea. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni hukuza majani. Zaidi ya hapo, urea na DAP zikitumika mfululizo huongeza asidi ya udongo, ile ile tuliyotoka kuipunguza kwa chokaa. Samadi ya kuku nayo ina nguvu mno. Mimi siku hizi naweka konzi moja ya mboji iliyoiva kwa kila mche wakati wa kupanda, na nyingine baada ya kukata maua ya awamu ya kwanza. Basi. Kama ulikwisha kumwaga mbolea nyingi, acha kabisa kuongeza chochote kwa msimu mmoja. Mmea utajirudi.

Lakini sababu inayowasumbua hata wenye uzoefu ni nyingine, na inachekesha kidogo. Skabiosa isipokatwa maua yaliyopita huanza kutengeneza mbegu, na ikishaanza kazi hiyo haioni sababu ya kuchanua tena. Kwa hiyo tunaambiwa tukate maua makavu. Tabu ni kwamba tumba ambalo halijachanua na kichwa ambacho petali zake zimepukutika vinafanana sana. Nimemwona mtu akizunguka bustani nzima na mkasi, akakata matumba yote kwa bidii, akaacha makavu. Tofauti ni hii: tumba ni bapa, limebanana kama kifungo cha shati, na ukiligusa ni laini. Kichwa kilichomaliza kimechongoka juu kama koni ndogo, kina nywele ngumu zinazochoma kidole, na rangi yake inaelekea kijani cha nyasi kavu. Ukishika vyote viwili mara moja hutakosea tena.

Usikate kichwa peke yake ukaacha kikonyo kirefu kimesimama kama msumari. Fuata kikonyo hadi kwenye chipukizi la pembeni au majani ya chini, kata hapo. Wakati wa maua mengi ifanye kazi hiyo kila baada ya siku tatu nne.

Atropurpurea ndefu huanguka, hasa ikishiba au ikiwa kivulini. Miche ikifika kimo cha sentimita 15 hadi 20, kata ncha ya katikati. Utachelewesha maua kidogo, lakini shina moja litageuka manne au matano, mafupi na imara. Chomeka vijiti vinne kuzunguka kitanda, funga kamba ya mkonge mzunguko wa kwanza sentimita 25 kutoka chini na wa pili sentimita 45, mapema kabla mimea haijaanguka. Ukisubiri hadi ilale utainyanyua ikiwa imejikunja, na shina la skabiosa likijikunja halinyooki.

Ubwiri unga

Mkulima wa korosho wa Mtwara anaujua ugonjwa huu kuliko mimi. Vumbi jeupe juu ya majani, kwanza madoa kama unga wa sembe uliomwagika, kisha jani zima, kisha linageuka manjano na kukauka. Ukungu unaoshika skabiosa si ule wa korosho, kwani kila mmoja una mimea yake, kwa hiyo usimlaumu jirani mwenye mikorosho. Tabia zake hata hivyo zinafanana, na kuna jambo moja watu hulielewa kinyume: ubwiri unga hauhitaji jani lililolowa. Ukungu mwingi hutaka maji juu ya jani ili mbegu zake ziote. Huu hutaka hewa yenye unyevu na jani kavu, usiku wa baridi baada ya mchana wa joto la wastani, na mimea iliyosongamana. Julai ya Usambara, yenye ukungu wa asubuhi na jua la kuchungulia, ni sherehe yake. Na mmea uliokunywa maji kwa shida kiangazini halafu ukalishwa naitrojeni ndio unaoshikwa wa kwanza.

Kinga kubwa ni nafasi. Sentimita 30 kati ya miche ya columbaria, 30 hadi 45 kwa atropurpurea, na usiipande kwenye kona ya ukuta ambako upepo haupiti. Ukiona madoa ya kwanza, kata majani hayo uyachome.

Dawa ya nyumbani ninayoiamini ni maziwa. Nilidhani ni hadithi za vibarazani hadi nilipojua kwamba mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha mwaka 1999 matokeo ya majaribio yake kwenye mimea ya jamii ya maboga: maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji yalizuia ubwiri unga vizuri, yakinyunyizwa mara kwa mara. Kipimo kinachotumika ni sehemu moja ya maziwa kwa sehemu tisa za maji, mara moja kwa wiki, asubuhi yenye jua. Maziwa hukinga zaidi kuliko kuponya, hivyo anza mapema. Ukizidisha, mimea itanuka maziwa yaliyolala na ukungu mwingine mweusi utakuja kula. Salfa ya unga, ile wanayopuliza kwenye korosho, nayo inafanya kazi, lakini usiitumie joto likizidi nyuzi 30, wala ndani ya wiki mbili baada ya kupulizia mafuta ya mwarobaini, kwa sababu majani huungua. Funika pua na mdomo, fuata kipimo cha kwenye mfuko.

Ukiona vumbi la kijivu lenye manyoya kwenye maua yenyewe, hasa wakati wa mvua za mfululizo, huo ni ukungu tofauti unaopenda maji. Maziwa hayatausaidia mmea. Kata maua yote yaliyoloa, punguza msongamano, na umwagilie chini, si juu.

Wadudu

Vidukari hukusanyika chini ya matumba na kwenye ncha laini, wa kijani au weusi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kikonyo, vidukari wapo, kwa maana sisimizi hunywa utamu wanaoutoa na kuwalinda kama mtu anavyolinda ng'ombe wa maziwa. Wapige kwa maji yenye nguvu ya bomba siku tatu mfululizo. Wakirudi, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, nyunyiza jioni hadi chini ya majani, kisha suuza asubuhi. Sabuni ya unga ya kufulia usitumie. Wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi usiwaguse: wao na watoto wao wenye sura ya kutisha wanakula vidukari mchana kutwa.

Koa na konokono hula sahani ya majani ya chini, wakiacha matundu na utelezi unaong'aa. Majivu huwazuia yakiwa makavu tu. Mvua moja inayamaliza. Laza kipande cha ubao karibu na kitanda jioni, asubuhi kifunue, watakuwa wamejibanza chini yake. Kazi hii si nzuri kabla ya kifungua kinywa.

Miche iliyokatwa shingo usiku kama kwa kisu ni kazi ya sota. Fukua udongo wa kuzunguka mche huo asubuhi, kina cha sentimita tatu hadi tano, utamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja duara. Kwa msimu ujao zungushia kila mche kikombe cha karatasi kilichokatwa kitako, nusu kikiwa ardhini.

Dawa kali za wadudu sizishauri kwenye skabiosa. Vipepeo na nyuki huja kwenye ua hili kuliko karibu ua lolote nililopanda, na anayepulizia sumu saa nne asubuhi anawaua wao kabla ya vidukari. Kama huna budi, fanya hivyo jua likizama, na usilenge maua.

Kuanzia mbegu

Kinachoitwa mbegu ya skabiosa ni kitu cha ajabu: kikoni kidogo chenye mwavuli wa karatasi nyembamba na vijiti vitano vyeusi katikati, kama nyota. Usihangaike kukivua. Isie ikiwa na mwavuli wake, funika kwa udongo wa milimita tatu tu, weka mahali penye mwanga na nyuzi 18 hadi 22. Huchukua siku 10 hadi 20 kuota. Wengi hufukua siku ya saba kuangalia, na hapo ndipo mbegu inapofia.

Kinyausi ndicho adui wa kitaluni: miche imeota vizuri, asubuhi unaikuta imelala, shina limenyong'onyea pale linapogusa udongo. Husababishwa na ukungu wa udongoni, na hupewa nafasi na mbegu zilizosiwa kwa msongamano, maji ya jioni, na nailoni iliyofunikwa bila kufunuliwa. Tumia mchanga msafi uliochanganywa na mboji, umwagie maji yaliyochemka siku moja kabla ya kusia, usie kwa nafasi, umwagilie asubuhi tu. Miche iliyokwisha lala haiamki. Toa pamoja na udongo wake, inyime iliyobaki maji kwa siku moja.

Hamisha miche ikiwa na jozi mbili za majani halisi, usiisubirishe kwenye kikopo kidogo. Na usishtuke ikianza kubadilika sura. Majani ya chini ni mazima au yamekatwa kidogo, yale ya juu ya shina yamechanwachanwa kama ya karoti. Jirani yangu aling'oa kitanda kizima akidhani ni magugu yaliyoota katikati.

Umri nao uukubali. Atropurpurea ni ya msimu, ikijitahidi sana miwili. Columbaria hudumu miaka miwili au mitatu, kisha katikati yake hupwaya na kubaki duara la majani pembezoni. Hapo usiilaumu mbolea wala maji. Mwanzo wa mvua ichimbue, chukua vipande vya pembeni vyenye mizizi yake, uvipande upya, katikati itupe.

Mbegu za atropurpurea ninakusanya vichwa vikishakauka na kugeuka rangi ya makuti, siku isiyo na umande, kabla upepo haujavipukutisha. Vile vilivyotoka kwenye pakiti ya chotara havitarudia rangi ya mama yao. Mwaka jana nilitegemea weusi nikapata waridi, na sikuona sababu ya kulalamika. Bahasha ya mwaka huu nimeiandika "zambarau nyeusi, za ukutani, Septemba", na iko ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na kiganja cha mchele uliokaangwa mkavu wa kunyonya unyevu, ikingoja mwezi wa nne.